Zawadi ya Noeli kwa Mpenda Chakula: Mambo ya Kufikiri Kabla ya Kutoa



Majilio yanapoanza, swali la zawadi huanza nayo. Kwa watu wengi jibu huwa jepesi: kitenge, shati, kadi yenye picha ya pango. Lakini kila ukoo una mtu ambaye furaha yake iko mezani. Ni shangazi anayeonja mchuzi mara moja na kukuambia kuku alilishwa nini. Ni babu ambaye hamalizi habari ya safari yoyote bila kutaja alichokula huko. Ni rafiki aliyehamia Dar es Salaam ambaye kila anapopiga simu huuliza kama mlenda umekwisha kukaushwa. Mtu wa namna hii tumpe nini Noeli?

Sisi waseminari wa falsafa tunaotoka mkoa wa Singida tunaliona swali hili kuwa zito kuliko linavyosikika. Mkoa wetu unajulikana Tanzania nzima kwa vitu vya kuliwa: asali, mafuta ya alizeti, kuku wa kienyeji na vitunguu. Msafiri wa barabara ya Dodoma kwenda Mwanza huvikuta vyote vinauzwa kando ya njia. Hata hivyo mara nyingi tunatoa zawadi ya chakula kwa mazoea tu. Tunanunua kilicho karibu, tunafunga, tunapeleka. Katika makala hii tunataka kueleza mambo mawili: kwa nini zawadi ya chakula inastahili kufikiriwa, na jinsi ya kuichagua, kuifunga na kuifikisha.

Mpenda chakula si mlafi

Tuondoe kwanza wasiwasi ambao baadhi ya waamini wanao. Je, kumpa zawadi ya chakula mtu ambaye tayari anapenda kula si kumsukuma kwenye dhambi ya ulafi?

Papa Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa kuanzia mwaka 590 hadi 604, alitaja njia 5 ambazo ulafi humpata mtu: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama kubwa mno, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kudai mapishi ya kujidekeza. Mtakatifu Thomas wa Akwino aliupokea mgawanyo huo na kufafanua kwamba kosa haliko katika chakula chenyewe. Liko katika tamaa iliyotoka nje ya utaratibu wa akili. Kufurahia utamu wa chakula ni sehemu ya jinsi Mungu alivyotuumba.

Tukumbuke pia kwamba Injili ya Mathayo inasimulia jinsi wapinzani wa Yesu walivyomwita mlafi na mlevi kwa sababu alikuwa akila na kunywa pamoja na watu. Naye hakuacha kukaa mezani nao. Aliyezaliwa Bethlehemu, jina ambalo kwa Kiebrania lina maana ya nyumba ya mkate, alilazwa horini, mahali pa kulishia mifugo. Noeli na chakula vina undugu wa tangu mwanzo.

Mpenda chakula wa kweli mara nyingi hali vingi. Anakula kwa makini. Anajua mtama ulitoka shamba gani na mama gani alisonga ugali. Kumpa mtu huyo zawadi nzuri ni kuheshimu kipaji chake cha kutambua wema wa vitu vilivyoumbwa.

Nini kinaifanya zawadi iwe zawadi?

Katika masomo yetu tunakutana na Aristotle, ambaye katika kitabu chake cha maadili alieleza fadhila ya ukarimu. Kwake mkarimu ni yule anayempa mtu anayefaa, kwa kiasi kinachofaa, na kwa wakati unaofaa. Aliongeza jambo ambalo waamini watalitambua mara moja: ukarimu hupimwa kwa kulinganisha na alicho nacho mtoaji. Aliyetoa kidogo anaweza kuwa mkarimu kuliko aliyetoa kingi. Yule mjane wa Injili aliyetia senti zake mbili ni mfano hai wa fundisho hilo.

Mtakatifu Thomas anakwenda mbali zaidi. Anapofafanua kwa nini Roho Mtakatifu huitwa Zawadi, anasema kwamba zawadi ni kitu kinachotolewa bila nia ya kurudishiwa, na kwamba sababu ya kutoa namna hiyo ni upendo. Kwa hiyo upendo wenyewe ndio zawadi ya kwanza, na zawadi nyingine zote hutolewa kupitia huo.

Kwa lugha ya jikoni: mtungi wa asali uliotolewa kwa fahari, ili jumuiya ijue nani ameleta, unakuwa tangazo. Mtungi mdogo uliotolewa na mtu aliyekumbuka kwamba bibi hupenda asali nyeusi unakuwa zawadi. Asali inaweza kuwa ya mzinga uleule. Kilichotofautiana ni kumfikiria mtu.

Maswali manne kabla ya kununua

Kumfikiria mtu kuna njia yake. Tunapendekeza maswali manne.

La kwanza ni kinywa chake: anapenda nini hasa, na ana meno ya kukila? Karanga za kukaanga kwa mzee asiye na magego ni usumbufu. Karanga hizohizo zikisagwa zinakuwa furaha.

La pili ni jiko lake. Jogoo mkubwa wa kienyeji anahitaji kuchemshwa muda mrefu. Mwanafunzi anayepika kwa mkaa wa kununua kwenye kopo atatumia mkaa wa siku mbili kwa mboga moja. Huyo mpelekee kuku mchanga, au aliyekwisha kuchemshwa na kukaushwa vizuri.

La tatu ni afya yake. Mwenye kisukari usimjaribu kwa asali na keki. Mwenye shinikizo la damu usimpelekee samaki wa chumvi. Nyumba yenye mtoto aliye chini ya mwaka mmoja iambiwe wazi kwamba mtoto huyo asilambishwe asali hata kidogo. Asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo mtu mzima havimdhuru, lakini tumboni mwa mtoto mchanga hutoa sumu inayolegeza misuli na inaweza kuua. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu bado kuna desturi ya kumlambisha mtoto asali.

La nne ni heshima yake. Singida tunaishi Wakristo na Waislamu mtaa mmoja, na Noeli sahani huvuka ua. Ukitaka kumpa jirani Mwislamu kuku, mpe akiwa hai ili achinjwe kwa utaratibu wa dini yake, au mwombe yeye mwenyewe aje akuchinjie. Kupika kwanza na kueleza baadaye ni kumweka katika wakati mgumu mlangoni.

Asali: kuijua kabla ya kuitoa

Tarehe 7 Desemba, katikati ya Majilio, Kanisa humkumbuka Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano, msimamizi wa wafuga nyuki. Mapokeo husema kwamba alipokuwa mchanga kundi la nyuki lilitua usoni pake bila kumdhuru. Hatuwezi kupata tarehe nzuri zaidi ya kuanza kutafuta asali ya Noeli.

Asali ya mkoa wetu hutoka zaidi katika misitu na vichaka vya Manyoni na Itigi, na pia Ikungi na kwingineko. Nyingine hurinwa kwenye mizinga ya magogo inayotundikwa mitini, nyingine kwenye mizinga ya kisasa ya masanduku. Huko Mkalama wanaishi ndugu zetu Wahadzabe, ambao kwao asali ni chakula cha heshima ya kwanza. Wanamjua ndege anayewaita na kuwaongoza hadi kwenye mti wenye nyuki.

Mpenda chakula atafurahi ukijua unachompa. Rangi ya asali hutegemea maua ambayo nyuki waliyatembelea, hivyo asali nyeusi si chafu na nyeupe si bora kwa sababu ya weupe wake. Asali ikiganda haijaharibika wala haijatiwa sukari. Kuganda ni tabia ya asali halisi nyingi. Weka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu na itayeyuka polepole. Usiichemshe, maana moto mkali hupoteza harufu yake.

Majaribio ya mitaani, kama kuwasha kiberiti kilichochovywa kwenye asali au kutazama kama sisimizi wataikimbia, hayathibitishi kitu. Asali safi na iliyochakachuliwa zote zinaweza kuyapita. Kinga bora ni kumjua mrinaji au kikundi cha wafugaji nyuki kinachouza. Muulize ilirinwa lini na wapi. Nusa: moshi mwingi ni dalili kwamba mrinaji alitumia moto bila kiasi. Tazama povu na uchachu: asali iliyorinwa kabla ya kuiva huwa na maji mengi na huchacha. Angalia pia kipimo. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo bei ya lita na bei ya kilo hazilingani.

Kuna pia asali ya nyuki wadogo wasiouma. Ni nyepesi, ina ukakasi mtamu, na hupatikana kwa uchache, ndiyo maana bei yake iko juu. Chupa ndogo yake inamtosha mpenda chakula anayedhani ameonja kila kitu. Na kwa aliye karibu, hakuna kinachoshinda kipande cha sega bichi kwenye bakuli lililofunikwa. Akimaliza kutafuna nta asiitupe: Mbiu ya Pasaka inawataja nyuki kwa sababu ya mshumaa wa nta.

Mafuta, nafaka na mlenda

Mafuta ya alizeti yanayokamuliwa kwenye mashine zetu ndogo yana harufu ya alizeti yenyewe, tofauti na yaliyosafishwa kiwandani. Mtu aliyekulia Iramba au Ikungi akiishi mbali huikumbuka harufu hiyo. Yaache yatulie siku kadhaa, uyamimine taratibu ukiacha machicha chini, kisha uyachuje kwa kitambaa safi. Yaweke kwenye chombo kikavu, mbali na jua, kwa sababu mwanga na joto huyafanya yachache upesi.

Mlenda uliokaushwa na kutwangwa ni zawadi nyepesi kubeba na nzito kwa maana. Ukiambatana na unga wa uwele au wa mtama, umempa mtu mlo kamili wa nyumbani. Ubuyu na ukwaju vinafaa kwa wapenda vinywaji, na dengu kwa wapenda mchuzi mzito. Fungu la vitunguu vilivyokauka vizuri halimchoshi mpishi yeyote. Tusidharau zawadi hizi kwa kuwa ni za kila siku. Kilicho cha kila siku Mkalama ni adimu Mbagala.

Onyo moja: unga na karanga zisifungwe zikiwa na unyevu. Ukungu huzaa sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara. Chambua karanga moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyoota ukungu itupwe.

Kuku wa kienyeji

Kuku wa Singida hahitaji sifa zetu. Kinachohitaji maelezo ni namna ya kumtoa.

Ukimtoa wa kuliwa, fikiria jiko la mpokeaji kama tulivyosema. Ukimtoa wa kufugwa, umetoa zawadi itakayozaa. Tetea mmoja mwenye afya anaweza kuwa mwanzo wa kundi la mjane au kijana anayeanza maisha. Lakini kuku mgeni anaweza pia kuingiza mdondo na kuteketeza banda zima. Hivyo hakikisha amechanjwa. Chanjo ya matone ya jicho ya mdondo hurudiwa kila baada ya miezi 3 hivi. Mshauri mpokeaji amtenge kwa wiki mbili kabla ya kumchanganya na wengine. Zawadi iliyokuja na maneno hayo machache imekuja na ulinzi wake.

Wakati wa kumsafirisha, tusimning'inize kichwa chini kutwa nzima. Tenga lenye nafasi, kivuli na maji vinatosha. Naye ni kiumbe wa Mungu, na nyama ya kuku aliyeteseka njiani haipendezi.

Zawadi zisizoliwa leo

Mpenda chakula anaweza kufurahishwa na kitu kisichoingia mdomoni siku ya Noeli.

Desemba mkoani kwetu ni mwanzo wa msimu wetu mmoja wa mvua. Mche wa mlimao, mpapai au mwembe uliobebeshwa, ukipandwa sasa, unapata miezi ya mvua ya kushika mizizi. Mwembe wa kubebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 4. Kila Noeli mpokeaji atakuwa na sababu ya kukutaja kwenye sala. Pakiti ya mbegu za mboga au maboga ni zawadi ya wakati uleule, kwa fedha kidogo.

Pili ni vyombo: mwiko uliochongwa vizuri, chungu cha kupikia maharage, kinu na mchi, kisu kinachokata kweli. Mpishi hujua thamani yake.

Tatu, na labda bora kuliko zote, ni maarifa. Wazee wetu wengi hupika bila kuandika. Kijana akikaa na bibi yake siku moja ya likizo, akaandika kwenye daftari jinsi anavyopika mlenda kwa magadi, anavyokausha mboga au anavyomtengeneza kuku kwa karanga, atakuwa ametoa zawadi mbili. Bibi amepewa sikio, na ukoo umepewa kitabu. Nakala ya daftari hilo kwa shangazi aliye mbali itamtoa machozi. Haina gharama zaidi ya kalamu na uvumilivu.

Kufunga na kufikisha

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na kwa zawadi zetu hilo si hasara. Vikapu vinavyosukwa na akina mama wa vijijini mkoani mwetu vinapendeza kuliko karatasi ya kung'aa, na kikapu hubaki kikitumika. Kitenge kinaweza kuwa kifungio na zawadi kwa pamoja. Kibuyu kilichosafishwa kinafaa kwa nafaka.

Kwa mzigo wa basi, usijaze chupa ya asali au mafuta hadi mdomoni. Acha nafasi kidogo, kaza kifuniko, ifunge kwa kitambaa na uisimamishe wima. Weka karatasi yenye jina la kilichomo, kilikotoka na siku kilipoandaliwa. Ongeza mistari miwili ya mkono wako. Mpenda chakula atasoma karatasi hiyo kabla ya kufungua.

Mezani nani hajakaa?

Tunafika kwenye jambo linalotugusa zaidi. Desemba ghala nyingi za vijijini zimeanza kupungua, wakati shamba linadai mbegu na nguvu za kulima. Mavuno yako mbali. Januari shule zinafunguliwa, na sare na madaftari vinasubiri. Familia inayotumia akiba yote kwa kapu la Noeli ili isionekane nyuma inajinunulia njaa ya Februari. Ukarimu wa namna hiyo hauna kiasi, na Aristotle asingeuita fadhila. Mpe mpendwa wako chupa ya nusu lita kwa amani kuliko dumu la lita 5 kwa deni.

Tena, wapenda chakula hawako tu kwenye nyumba zenye meza kubwa. Yule mzee anayeishi peke yake kigangoni naye ana mboga aliyoipenda maisha yake yote na hajaionja tangu mkewe afariki. Mgonjwa aliyelazwa ana kitu anachokitamani. Tunapowapelekea maskini msaada, kwa kawaida tunawapa unga na sabuni, na tunafanya vema. Ila ni mara ngapi tumemuuliza mmoja wao: wewe unapenda nini? Swali hilo humrudisha kutoka kwenye orodha ya wahitaji na kumfanya mtu mwenye ladha, kumbukumbu na uchaguzi wake.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anamshauri aliyemwalika kwamba aandaapo karamu asiwaite wale watakaomwalika nao, awaite maskini na walemavu ambao hawana cha kumlipa. Ni fundisho lilelile la Mtakatifu Thomas kuhusu zawadi isiyongoja kurudishwa, ila limewekwa kwenye sahani.

Tunapendekeza basi kwa Jumuiya Ndogo Ndogo jambo la kutekelezeka. Katika mkutano mmoja wa Majilio, kila familia itaje mtu mmoja ambaye hawezi kurudisha zawadi, na iende kumuuliza chakula anachokipenda. Familia mbili tatu zichangie na kukipika. Kipelekwe kikiwa cha moto, na wapelekaji wakae wale naye. Mtu anayependa chakula hapendi kula peke yake, na hilo ndilo asiloweza kufungiwa kwenye kikapu.

Tunawatakia Majilio mema na Noeli yenye baraka. Waseminari tuliopo likizo tupo tayari kubeba vikapu. Mkitupa cha kuonja, hatutakataa.